Gitaa moja, sinthesaiza moja, na swali la noti zipi zipite

Mpiga gitaa aliyenipa kazi hii hupanda jukwaani peke yake: anaimba, anapiga gitaa la umeme, na sinthesaiza, mashine inayotengeneza sauti za ala nyingine, inamfuata. Chini ya nyuzi, karibu kabisa na brija, amefunga pikapu, kinasa mtetemo, yenye vichwa sita, kila uzi na kichwa chake. Ishara inatoka hapo na kuingia kwenye kibadilishi, ambacho kinaugeuza kila mlio kuwa ujumbe wa MIDI, lugha ya namba ambayo ala za kielektroniki huzungumza. Sinthesaiza yenyewe haina habari kwamba upande wa pili kuna gitaa. Inapokea namba tu: noti fulani imewashwa kwa nguvu kiasi fulani, noti fulani imezimwa.

Lalamiko lake lilikuwa fupi. "Fundi, hii kitu inaimba hata nikihamisha mkono tu." Na kweli ilikuwa inaimba. Lakini nilipomsikiliza akipiga wimbo mzima, niligundua kwamba kelele za kuhamisha mkono zilikuwa sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa ilikuwa noti alizozipiga vizuri kabisa, kwa makusudi, ila hakutaka sinthesaiza izirudie.

Wimbo wenyewe una sehemu tatu, na kila moja inataka kitu tofauti. Kwenye ubeti anadonoa kwa vidole: gumba linatembea kwenye nyuzi tatu za besi, vidole vingine vinacheza juu. Hapo anataka sauti ya vayolini nyingi ifuate gumba peke yake. Kwenye kiitikio anashika piki na kukwangua kodi, na anataka vayolini zishike kodi ya kwanza ya kila mzunguko na kuendelea nayo, zisianze upya kila mkono unaposhuka. Kwenye solo anataka filimbi ilie pamoja na noti ndefu za nyuzi mbili za juu, na vidoido vya haraka vibaki vya gitaa.

Dawa aliyokuwa akiitumia ni ile ambayo wengi huanza nayo, pedali ya sauti kwenye njia ya kutokea ya sinthesaiza. Akizitaka vayolini anakanyaga, asipozitaka anaachia. Kwa kupandisha na kushusha sauti polepole pedali hiyo haina mshindani. Kwa kuchagua noti haifai hata kidogo, kwa sababu haichagui, inafunika vyote. Mguu ukiwa juu, sinthesaiza bado inapiga kila inachoambiwa, ila hakuna anayesikia. Akikanyaga katikati ya mstari, kinachojitokeza ni noti iliyoanza kitambo, mara nyingi siyo ile aliyoipiga mguu unaposhuka. Na akiachia ili mpya zisisikike, ile ndefu aliyotaka kubaki nayo inakufa pamoja nazo.

Alichokihitaji ni kinyume chake: noti iliyokwisha kuingia iendelee kulia, na mpya zisiingie. Hilo halifanyiki kwenye sauti. Linafanyika kwenye ujumbe, kabla haujaifikia sinthesaiza.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote nilirekodi MIDI inayotoka kwenye kibadilishi akiwa anapiga ubeti, kisha nikaisoma orodha mstari kwa mstari. Ni kazi ya kuchosha, lakini sikio linasikia fujo moja pale ambapo orodha inaonyesha fujo za aina kadhaa.

Chukua pigo la kwanza la ubeti, uzi wa sita ukiwa wazi. Noti hiyo kwenye MIDI ni namba 40. Orodha ilionyesha kwanza noti 52 ikiwashwa, ikazimwa muda mfupi baadaye, ndipo 40 ikawashwa. Kati ya 40 na 52 kuna nusu toni 12, yaani okteva kamili. Kibadilishi kilikisikia kwanza kitetemo cha pili cha uzi, kile chenye kasi maradufu, kikadhani ndiyo noti, halafu kikajirekebisha. Kwenye gitaa lenyewe husikii lolote. Kwenye vayolini unasikia kitu kama kwikwi kila gumba linapoanza.

Mistari michache chini yake kulikuwa na noti 45 yenye nguvu ndogo sana, iliyodumu kufumba na kufumbua. Huo ni uzi wa tano ukiwa wazi, na hakuna aliyeupiga: mkono wa kushoto uliinuka kutoka kwenye freti na kidole kikauvuta uzi kidogo wakati wa kuondoka. Kulikuwa pia na noti dhaifu kwenye nyuzi jirani kila gumba lilipopiga kwa nguvu, kwa maana mwili wa gitaa unatetemesha vyote. Halafu, katikati ya takataka hizo, zilijaa noti safi za nyuzi za juu, zenye nguvu ya kutosha na urefu wa kutosha. Muziki halali kabisa, ulioelekezwa pasipotakiwa.

Hapa ndipo watu wengi wanapojifunga. Noti ambazo hazikupigwa na noti zilizopigwa lakini hazitakiwi zinatoka kwenye spika zikiwa zimechanganyika, kwa hiyo zinatibiwa kwa dawa moja: kupunguza usikivu wa kibadilishi. Huyu bwana alikuwa ameupunguza hadi gumba lake la taratibu likawa halisikiki, na nyuzi za juu, zinazodonolewa kwa kucha, zikaendelea kupita kama kawaida. Usikivu hauwezi kujua nia ya mpigaji. Kazi yake ni kutenganisha mlio na mtikisiko, basi.

Kwa hiyo tulianza na zile ambazo hazikupigwa. Pikapu ilikuwa mbali na nyuzi za juu na karibu mno na za besi. Tuliisogeza hadi uzi ukibanwa kwenye freti ya mwisho nafasi iliyobaki iwe karibu milimita moja kila upande. Kisha usikivu wa kila uzi ulipangwa peke yake: anapiga uzi huo kwa nguvu zote anazotumia jukwaani, tunapandisha mpaka namba ya nguvu ikaribie 127, kikomo cha MIDI, bila kugonga ukuta. Nyuzi sita hazifanani, za kukunjiwa waya na zile tupu hazitoi nguvu sawa, na mtu akizipanga zote kwa mpigo mmoja ataishia kuzifukuza bila mwisho. Baada ya hapo tuliweka kizingiti: pigo lolote chini ya 22 litupwe. Namba hiyo si ya kunakili. Tuliipata kwenye orodha yenyewe, kwa kuwa mitikisiko yote ilikuwa chini yake na pigo lake la upole kuliko yote lilikuwa juu yake.

Kizingiti hicho kina mtego mmoja, na nimeukuta kwenye vichujio vya kutengenezwa nyumbani zaidi ya mara moja. Katika MIDI, ujumbe wa kuwasha noti wenye nguvu sifuri maana yake ni kuzima. Vibadilishi vingi hutumia njia hiyo kuzima noti. Ukiamuru kila kilicho chini ya 22 kitupwe, sifuri nayo iko chini ya 22, na kichujio kitaimeza amri ya kuzima. Vayolini zitalia mpaka mtu achomoe umeme. Kwa hiyo amri iliyo sahihi ni kutupa kuanzia 1 hadi 21, na sifuri ipite.

Lile kosa la okteva lilipata dawa mbili. Ya kwanza ni mkono: alikuwa anadonoa karibu na brija, mahali ambapo vitetemo vya juu vya uzi vina nguvu nyingi. Gumba liliposogea kuelekea shingo, noti ya msingi ilikomaa na makosa yakapungua sana. Ya pili naipenda zaidi kwa sababu haimtegemei mtu. Kwenye ubeti gumba halivuki freti ya saba. Basi kila uzi wa besi ulipewa dari lake, nusu toni 11 juu ya noti yake ya wazi: uzi wa sita kutoka 40 hadi 51, wa tano kutoka 45 hadi 56, wa nne kutoka 50 hadi 61. Kosa la okteva, kwa maumbile yake, linaruka nusu toni 12 au zaidi. Haliwezi kutokea ndani ya mipaka hiyo. Ile 52 ya uongo inagonga dari na kuishia hapo, 40 ya kweli inaingia.

Sasa zile zilizopigwa lakini hazitakiwi. Kwa ubeti jibu lilikuwa kutenga nyuzi, na hilo linadai kibadilishi kiwekwe kwenye hali ya chaneli moja kwa kila uzi. MIDI ina chaneli 16, gitaa linachukua sita: uzi wa kwanza chaneli ya 1, wa sita chaneli ya 6. Yeye alikuwa anatuma nyuzi zote kwenye chaneli moja na kujaribu kutenga kwa namba za noti, besi chini, sauti juu. Kwenye kinanda mgawanyo huo unafanya kazi kwa sababu kila noti ina mahali pamoja tu. Gitaa siyo hivyo. Noti 50 ni uzi wa nne ukiwa wazi, na pia ni uzi wa tano kwenye freti ya tano. Noti 64, ambayo ni uzi wa kwanza wazi, inapatikana pia uzi wa pili freti ya 5, uzi wa tatu freti ya 9, na uzi wa nne freti ya 14. Ukikata kwa namba, kila mara utakata kipande cha upande usioukusudia. Mbaya zaidi, kwenye chaneli moja noti ile ile ikilia kwenye nyuzi mbili, uzi mmoja ukinyamaza unazima noti ya mwenzake.

Nyuzi zilipopata chaneli zake, ubeti ukawa mwepesi: vayolini zinasikiliza chaneli ya 4, 5 na 6, basi. Kulikuwa na sehemu moja ambapo kidole cha shahada kinashuka kwenye uzi wa nne kuchukua noti ya sauti. Hakuna kichujio cha kutambua kidole. Aliihamishia noti hiyo uzi wa tatu ilipowezekana, na isipowezekana akaiacha kabisa.

Neno kidogo kuhusu ucheleweshaji, maana lilitusumbua baadaye. Uzi wa sita ukiwa wazi hutetemeka mara 82.4 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo mmoja unachukua milisekunde 12 hivi. Kwa njia ya kawaida ya kupima, kibadilishi kinahitaji kuona mitetemo karibu miwili ndipo kiseme noti ni ipi. Hizo ni milisekunde 24 kabla hata kompyuta haijaguswa. Uzi wa kwanza hutetemeka mara 329.6, na mitetemo miwili inaisha kwenye milisekunde 6. Waya wa MIDI wenyewe hauna lawama kubwa: unapitisha biti 31,250 kwa sekunde, na ujumbe mmoja wa kuwasha noti unakwisha ndani ya milisekunde moja. Hakuna kifaa cha kununua kitakachoufanya uzi wa besi utetemeke haraka kuliko unavyotetemeka. Kwa vayolini zinazopanda taratibu, milisekunde 24 hazisikiki. Kwa besi ya kugonga zingesikika, na ningemshauri apige okteva moja juu na kuishusha ndani ya sinthesaiza.

Kiitikio ndicho kilichokula muda. Tulihitaji lango: swichi ya mguu ikiwa imefungua, noti zinapita, ikifunga, hakuna noti mpya inayopita. Kuliandika lango kwenye programu ya kompyuta ni suala la mistari michache, na wengi huandika hivyo hivyo: likifungwa, zuia kila kitu. Matokeo yake ni noti zinazobaki zikilia, kwa sababu amri ya kuzima noti iliyoingia kabla ya kufunga nayo inazuiwa. Programu ya kuchuja lazima iwe na kumbukumbu, kama bawabu anayeandika jina la kila aliyeingia: aliyekataliwa mlangoni hana cha kutokea, ila aliyeruhusiwa lazima atoke hata kama lango limeshafungwa. Katika vitendo hiyo ni jedwali la chaneli sita, kila moja na noti iliyoruhusiwa. Amri ya kuzima inapokuja, inapita ikiwa noti hiyo imo kwenye jedwali. Isipokuwamo, inatupwa.

Lango likawa linafunga na kufungua bila kuacha noti zinaning'inia. Lakini vayolini zilikuwa zinakatika. Anakwangua kodi, anafunga lango, anakwangua tena, na vayolini zinanyamaza. Lango halikuwa na kosa: uzi mmoja hauwezi kulia noti mbili, kwa hiyo pigo la pili linapokuja kibadilishi kinatuma kwanza amri ya kuzima noti ya zamani. Amri hiyo inapita, kama inavyopasa. Noti mpya inazuiwa, kama inavyopasa. Kimebaki kimya.

MIDI ina amri namba 66 (amri, siyo noti) kwa ajili ya hali hii hasa. Ni pedali ya tatu ya piano kubwa, ile inayoshika noti zilizokuwa zikilia wakati mguu unashuka na kuziacha nyingine. Tatizo ni kwamba sinthesaiza nyingi haziisikii. Namba 64, pedali ya kawaida ya kushikilia, zinaisikia karibu zote, ila hiyo hushika kila kinachokuja. Sasa fikiria: lango likiwa limefungwa, hakuna kinachokuja. Kwa hiyo 64 na lango kwa pamoja zinafanya kazi ile ile ya 66, karibu kwenye sinthesaiza yoyote ile. Swichi moja ya mguu ikapewa kazi mbili. Ikikanyagwa, inafunga lango na kutuma 64 yenye thamani 127. Ikiachiwa, inatuma 64 yenye sifuri na kufungua lango. Na kwa sababu amri za namna hii ni za chaneli, lazima zitumwe kwenye chaneli zote zinazotumika. Ukituma kwenye moja, utashika uzi mmoja na kubaki unashangaa kodi imeenda wapi.

Hapo ndipo kosa la ajabu lilipojitokeza. Vayolini zilishika kodi vizuri, gitaa likaendelea kukwangua, na baada ya sekunde chache vayolini zikaanza kuyumba, kama mtu anayeimba huku anatikiswa. Mpigaji aliilaumu sinthesaiza. Orodha ilisema vingine. Noti zilikuwa zimezuiwa zote, lakini kwenye kila chaneli ulikuwa unapita mkondo wa ujumbe wa kupinda sauti. Uzi ukipigwa kwa nguvu huanza juu kidogo ya noti yake kabla ya kutulia, na kibadilishi kinaripoti kila mpindo mdogo kwa uaminifu. Lango halikuambiwa lolote kuhusu mipindo. Noti iliyoshikwa iko chaneli ya 6, mpindo unatumwa chaneli ya 6, na vayolini zinatii mkono ambao hazistahili kuusikia tena.

Kuziba mipindo wakati lango limefungwa ni nusu ya jibu. Lango likifungwa wakati uzi uko kwenye mpindo, thamani ya mwisho inabaki, na kodi nzima inakaa nje kidogo ya tuni mpaka mguu uinuke. Kwa hiyo lango linapofunga lazima lirudishe mpindo katikati, thamani 8192, kwenye kila chaneli, ndipo lizibe. Kwa wimbo huu tulichukua njia fupi zaidi: ndani ya sinthesaiza, kiwango cha kupinda cha vayolini kiliwekwa sifuri. Gumba lake halivuti uzi wala halitelezi kwenye ubeti, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Ana wimbo mwingine ambao besi inateleza, na humo ilibidi tufanye ile njia ndefu.

Suala la milisekunde 24 lilirudi hapa. Alikuwa anakanyaga swichi sambamba kabisa na piki, kama mpigaji mzuri anavyofanya, na kila mara kodi ilishikwa bila besi. Nyuzi za juu zilikuwa zimeshatambuliwa na kupita. Ya sita ilikuwa bado inahesabiwa, lango likafungwa usoni pake. Nililichelewesha lango kwa milisekunde 60 wakati wa kufunga, na wakati wa kufungua halicheleweshwi. Kumwambia mtu achelewe makusudi kwa mguu huku mkono uko kwenye mapigo ni kumharibia wimbo.

Solo lilihitaji uamuzi zaidi kuliko ufundi. "Noti ndefu tu" ni ombi linaloeleweka kwa binadamu. Mashine haiwezi kulitimiza papo hapo, kwa sababu noti inapoanza hakuna anayejua itadumu kiasi gani. Ukitaka kupitisha zinazozidi milisekunde 150, itabidi kila noti isubirishwe milisekunde 150 ndipo ipite, na filimbi itakuwa nyuma ya gitaa solo zima.

Nilimwonyesha njia isiyo na kichujio kabisa: kuongeza muda wa filimbi kupanda, ndani ya sinthesaiza. Filimbi ikichukua milisekunde 200 kufikia sauti yake kamili, noti fupi inazimwa ikiwa bado chini, haisikiki, na noti ndefu inachanua yenyewe. Muda wa kufifia nao uwe mfupi, la sivyo mabaki ya noti fupi yanajazana na kuwa ukungu. Hii ndiyo dawa ninayoipenda kwa sauti laini, na inashangaza jinsi watu wanavyoandika programu ndefu kabla ya kugusa kitufe hicho kimoja.

Juu yake tuliongeza kizingiti cha pili, kwenye chaneli ya 1 na ya 2 pekee: filimbi inapokea mapigo kuanzia 60 kwenda juu. Noti anazozigonga kwa kidole cha kushoto bila piki hutoka na nguvu ndogo, kwa hiyo zinabaki za gitaa. Na kwa kuwa noti mpya kwenye uzi ule ule inaizima ya zamani, filimbi inanyamaza kidoido kinapoanza na kurudi piki inapogusa uzi tena. Hiyo ndiyo iliyomfanya atabasamu mara ya kwanza.

Kwenye solo anavuta uzi, na alitaka filimbi ivutike pamoja naye. Sauti ya filimbi aliyoichagua ilikuja na kiwango cha kupinda cha nusu toni 12, kibadilishi kikiwa kwenye 2. Namba hizi mbili zisipolingana hesabu inakuwa kichekesho: anavuta uzi toni moja, kibadilishi kinatuma mpindo wake wote, sinthesaiza inausoma kama okteva. Tuliweka 2 pande zote mbili. Faida ya 2 badala ya 12 ni kwamba kidoido kinachoruka zaidi ya toni moja kinavuka uwezo wa mpindo, kibadilishi kinalazimika kukituma kama noti mpya, na noti hiyo dhaifu inakutana na kizingiti cha 60. Kidoido cha nusu toni au toni moja bado kinapita kama mpindo, na filimbi inakifuata. Tulikisikiliza, tukaona mtetemo mdogo wa namna hiyo unaipendeza filimbi, tukauacha. Angekataa, ingebidi aache kuvuta uzi, au avute na filimbi ipande kwa ngazi za nusu toni kama kinanda.

Ningeweza kuilaumu MIDI kwa haya yote, na wapiga gitaa wengi huilaumu. Ilitoka 1983, na waliosukuma kazi hiyo, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland ya Japani, walikuwa watengenezaji wa sinthesaiza za vinanda. Kwenye kinanda kitufe ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa. Uzi una hali nyingi katikati. Lakini wazo la chaneli moja kwa uzi mmoja limo ndani ya MIDI tangu toleo la kwanza, na bila hilo nusu ya kazi hii isingewezekana.

Kilichobaki ni swichi ya dharura, na haikosekani kwenye mpango wangu wowote wa gitaa. Amri namba 123 inazima noti zote, ila sinthesaiza inayotii kanuni haitazikata noti zinazoshikiliwa na 64. Mtu akibonyeza dharura huku lango limefungwa, hakuna kinachotokea, na hofu inaongezeka. Kwa hiyo swichi inatuma kwanza 64 yenye sifuri, kisha 123, kisha mpindo katikati, kwenye chaneli zote sita, halafu inafuta jedwali la lango. Hiyo ya mwisho husahauliwa: jedwali likibaki na majina ya noti zilizokufa, halilingani tena na kinacholia.

Sasa anataka mpango huo huo kwa wimbo ambao uzi wa sita umeshushwa hadi D. Noti yake ya wazi inakuwa 38, kwa hiyo dari la uzi huo lazima lishuke kutoka 51 hadi 49, kwani kosa la okteva litatua kwenye 50. Uzi unatetemeka mara 73.4 kwa sekunde, mitetemo miwili inafika milisekunde 27, na zile 60 za lango bado zinatosha. Dari la 49 nimeshaliandika kwenye mpango wa wimbo huo. Nyuzi nyingine zote zinabaki kama zilivyo.